Kutengeneza haamoni kwa pitch shifter bila kutoka nje ya kii

Una melodi moja, inaweza kuwa sauti ya mtu au sinthi (kinanda cha umeme), na unataka isikike kama watu watatu wamegawana sauti. Njia ambayo karibu kila mtu anaanza nayo ni kubandika plagini ya pichi, yaani pitch shifter, programu ndogo inayopandisha au kushusha noti, unazungusha kitufe mpaka +4 au +7, unasikiliza, sekunde tano za kwanza tamu kabisa afu inafika noti fulani inakwaruza sikio, unapunguza volyumu bado inakwaruza, unaongeza riverbu ili ifichike, mwisho unaifuta. Plagini haina kosa hapo. Imepandisha kila noti hatua zile zile kama ulivyoiambia, ila skeli yenyewe, zile noti saba za kii ya wimbo, haijapangwa kwa hatua zinazolingana, kwaiyo lazima baadhi ya noti zitoke nje. Kazi ya kuamua noti gani ipande ngapi ni yako, na hiyo ndo sehemu inayochukua muda, mengine yote ni vitufe tu.

Hesabu kidogo kwanza, haichoshi. Oktavu moja, yaani kutoka noti mpaka noti ileile ya juu yake, ina semitoni 12 na kila semitoni ina senti 100. Kupanda semitoni moja maana yake frikwensi inazidishwa kwa kama 1.0595, kwaiyo A ya 440 Hz ukiipandisha 7 inakuwa kama 659 Hz ambayo ni E, ukiipandisha 12 inafika 880. Neno la muhimu hapo ni kuzidisha, maana kuna efekti nyingine ndugu yake ambayo inajumlisha na watu wengi wanaiwasha bila kujua. Sauti yenye 100, 200 na 300 Hz ukiizidisha kwa 1.5 unapata 150, 300, 450, uwiano umebaki vilevile na sikio linasikia noti ileile imepanda. Ukijumlisha 50 unapata 150, 250, 350, uwiano umevunjika, inalia kama chuma kimegongwa. Ni efekti tamu kwa ngoma na makelele ila haitakupa haamoni hata siku moja. Kwenye Shifter ya Ableton Live (programu ya kutengeneza muziki) hizo modi zimekaa jirani kabisa, angalia upo kwenye Pitch kabla hujaanza kulaumu masikio yako.

Sasa twende kwenye skeli yenyewe

Chukua C meja maana haina noti nyeusi: C D E F G A B. Unataka sauti ya pili iwe ngazi ya tatu juu ya melodi, ile haamoni ya kawaida kabisa. C inaenda E, hiyo semitoni 4. D inaenda F, semitoni 3. E kwenda G ni 3. F kwenda A ni 4, G kwenda B ni 4, A kwenda C ni 3, B kwenda D ni 3. Umeona? Ukiweka +4 ukaiacha ibaki hivyo, itakuwa sahihi kwenye C, F na G tu, ila D itakupa F# (# ni semitoni moja juu), E itakupa G#, A itakupa C#, na B itakupa D#, noti nne kati ya saba zimetoka nje. Ukiweka +3 ni kinyume chake, nne zinakaa na tatu zinatoka.

Ila kuna namba ambazo zina huruma. +7 inakosea sehemu moja tu, kwenye B, ambayo inakupa F#. −5 nayo inakosea kwenye B hiyohiyo. +5 na −7 zinakosea kwenye F tu, inakuwa Bb (b ni semitoni moja chini). Na +12 na −12 hazikosei popote kwa sababu ni noti ileile. Kwaiyo kama melodi yako haigusi B unaweza kuweka +7 au −5 ukaacha bila kugusa kitu na hamna mtu atakayelalamika. Kwa kii nyingine hesabu ni hiyohiyo, noti ya hatari kwa +7 na −5 ni ile ya saba ya skeli ya meja, na kwa +5 na −7 ni ya nne. Kwenye maina ya kawaida ile B inakuwa noti ya pili ya skeli, mfano A maina inatumia noti zilezile za C meja.

Mi binafsi +7 iliyokaa palepale wimbo mzima naipenda kwenye lidi ya sinthi (ile inayobeba melodi kuu), inatoa ule ubaridi wa tekno, ina uwazi ndani. Kwenye sauti ya mtu inachosha haraka, inasikika kama roboti mbili zinafuatana.

Andaa sauti kabla ya kuipandisha

Hapa watu wanaruka na ndo maana matokeo yanakuwa machafu. Pitch shifter inanakili kila kitu, pamoja na makosa. Kama mwimbaji yuko senti 30 chini kwenye noti fulani, sauti ya pili na ya tatu nazo zitakuwa senti 30 chini, na kibaya zaidi zenyewe kwa zenyewe zitapatana, kwaiyo ukizisikiliza peke yake utasema mbona ziko safi, afu ukirudisha sinthi na besi wimbo mzima unaonekana umepinda. Nyoosha pichi ya sauti kuu kwanza, ndo unakili.

Sauti iwe kavu. Riverbu (mwangwi) na dilei (sauti inayojirudia) ziwekwe baada ya kupandisha, sio kabla, maana mkia wa riverbu una noti ya nyuma na ya sasa zimechanganyika na plagini inayofuatilia pichi haijui ifuate ipi. Afu shughulikia herufi S na Sh. Sauti tatu zikisema S kwa pamoja unapata msumari, na S iliyopandishwa semitoni 4 haina faida yoyote kwenye haamoni kwa sababu haina noti, ni upepo tu. Mi huwa nazikata kabisa kwenye nakala, nabakisha S ya sauti kuu peke yake. Hivyohivyo kwa P na T zinazopasuka sana, na pumzi. Inasikika ajabu ukisikiliza nakala peke yake, mtu kama hana meno, ila ndani ya wimbo hamna anayejua na kila neno linatua mara moja badala ya mara tatu.

Kupandisha noti kwa noti

Nakili traki, usitumie kitufe cha kuchanganya kwenye traki kuu. Kila sauti iwe na traki yake, plagini ikiwa asilimia 100 ya efekti bila sauti kavu ndani, ili uweze kuipa volyumu yake na upande wake wa spika. Sasa unachagua njia. Ya kwanza ni automesheni, unachora semitoni zibadilike kufuata melodi, 4 kwenye C, F na G, 3 kwenye nyingine. Mstari uwe wa ngazi, usiwe wa mteremko, na kila mruko uuweke kwenye kanafasi kati ya noti na noti, kabla kidogo noti mpya haijaanza, la sivyo utasikia sauti inateleza kama mtu amekanyaga maji. Njia ya pili ni kukata audio kila noti na kuipa kila kipande pichi yake, programu karibu zote zinaruhusu. Ya tatu ni programu ya kuhariri pichi kama Melodyne, au Newtone kama unatengeneza muziki kwa FL Studio, ambapo noti zinaonekana kama matone na unazivuta kwa mkono. Kwa sauti ya mtu, hii njia ya tatu ndo bora, kwa sinthi automesheni inatosha.

Ila kabla hujavuta kila kitu ngazi ya tatu juu, angalia kordi iliyo chini, yaani zile noti kadhaa zinazolia pamoja chini ya melodi. Mfano mdogo: melodi ni E, D, C, na kordi chini yake ni C, kisha G, kisha C. Ngazi ya tatu juu ukifuata skeli inakupa G, F, E. Skeli imeheshimiwa, lakini ile F imetua juu ya kordi ya G ambayo ina G, B na D. Sio kosa, ni ya saba ya kordi, ila inaleta mvutano ambao labda hukuutaka katikati ya kiitikio. Badilisha hiyo moja tu, D ipande 5 ifike G. Sauti ya juu sasa inakuwa G, G, E, namba zake +3, +5, +4. Imeshikilia noti moja wakati melodi inashuka, na ghafla inasikika kama mtu mwingine ana akili yake, sio kivuli. Afu weka sauti ya chini: −4, −3, −5, unapata C, B, G. Jumla una C E G, afu B D G, afu G C E. Kordi tatu kamili kutoka kwenye melodi moja na hujagusa kinanda.

Huo ujanja wa kushikilia noti moja ndo ninaoutumia kuliko wowote. Haamoni inayofuata melodi hatua kwa hatua muda wote inachosha, ila inayogoma kusogea noti mbili tatu afu ikasogea inakuwa na uhai.

Je zile plagini zenye akili? Zipo, unaipa kii na skeli na yenyewe inachagua 3 au 4. Kampuni ya Eventide walitoa mashine ya H910 mwaka 1975, hiyo ilikuwa inapandisha hatua uliyoiambia tu, na miaka ya 1980 H3000 yao ikaja na uwezo wa kufuata skeli. Leo hata plagini za kawaida zinaweza. Zinafanya kazi vizuri kwenye noti moja moja zilizonyooka, ila kwenye rap, kwenye pumzi, kwenye sehemu mtu anateleza kutoka noti moja kwenda nyingine, zinababaika na kurukaruka. Na hazijui kordi, ile F ya kwenye mfano wetu zingeiweka bila wasiwasi. Njia nzuri ya katikati ni plagini inayopokea MIDI (maelekezo ya noti, sio sauti yenyewe), kama Pitcher ya FL Studio, unapiga noti unazotaka kwenye kinanda na sauti inazifuata. Hapo uamuzi umebaki kwako.

Fomanti, ile sauti ya katuni

Koo na mdomo wa mtu una mwangwi wake ambao haubadiliki sana akiimba juu au chini, hizo ndo fomanti, ndo zinafanya irabu A isikike A na ndo zinakwambia huyu ni mtu mzima au mtoto. Ukipandisha kila kitu pamoja na fomanti, umempunguza mtu koo, anakuwa katuni. Ukishusha anakuwa jitu. Kwa hatua ndogo, semitoni mbili tatu, haisumbui sana. Ukizidi 4 au 5 washa kitufe cha kuhifadhi fomanti, au kwenye Live tumia Complex Pro ambayo ina kitufe chake.

Na hapo kuna mchezo mzuri. Ukihifadhi fomanti kikamilifu kwenye sauti zote tatu zitasikika mtu yuleyule mara tatu. Sogeza kidogo, sauti ya juu fomanti +1, ya chini −1 au −2, unapata watu tofauti. Little AlterBoy ya Soundtoys ina kitufe cha pichi na cha fomanti vimetengana, ReaPitch inayokuja na Reaper inakuruhusu kuongeza sauti kadhaa ndani ya plagini moja, kila moja na semitoni, fomanti, volyumu na upande wake. Kwa sinthi mara nyingi zima kabisa uhifadhi wa fomanti, hamna koo pale.

Kwenye sinthi na kordi

Swali la haki: kama melodi ni MIDI si unakili tu noti, pitch shifter ya nini? Kweli, kama unataka haamoni safi nakili MIDI. Pitch shifter inafaa pale unapotaka tabia yake, yaani ile punje punje, au una audio tu mkononi, au unataka kila kijitetemeko cha filta kitokee kwenye sauti zote kwa wakati uleule.

Sasa kitu ambacho hakisemwi sana. Chukua kordi ya A maina, A C E, irekodi, nakili, pandisha nakala +7. Nakala inakuwa E G B. Zikilia pamoja una A C E G B, kordi ya maina 9 nzima, ile ya hausi ya usiku. Fanya hivyo kwenye C meja, C E G juu yake G B D, unapata meja 9. Kwenye kii hii inafanya kazi kwa C, F, A maina na D maina bila kutoka nje. Kwenye G na E maina F# itaingia, kwaiyo hapo izime nakala au ikubali kama unapenda. Weka nakala chini kama desibeli 8 kuliko kordi halisi, ikilingana nayo unapata tope. Na +4 kwenye kordi nzima usijaribu kwa matumaini, C E G na E G# B pamoja zinagombana.

Ubora wa sauti kwenye kordi unategemea jinsi plagini inavyokata audio. Nyingi zinakata vipande vidogo na kuvishonea upya. Besi ya 50 Hz mzunguko wake mmoja ni milisekunde 20, kama vipande ni vya milisekunde 10 hamna hata mzunguko mmoja unaoingia, besi inatetemeka vibaya. Vipande virefu vinabeba besi vizuri ila vinapaka matope mwanzo wa noti. Kwaiyo pedi (sinthi inayoshikilia kordi muda mrefu) ipe vipande vikubwa, sinthi ya kudonoa ipe vidogo, na besi yenyewe iache, usiipandishie haamoni. Kata kila kitu chini ya 150 au 200 Hz kabla nakala haijaingia kwenye pitch shifter.

Kama sinthi yako ina distoshoni (efekti ya kukwaruza sauti), jua kwamba ukipandisha kabla ya distoshoni sauti zote zinaingia pamoja na zinazalisha noti za ziada ambazo hukuziomba. Ngazi ya tano inavumilia, ngazi ya tatu inaunguruma. Shusha ile ya semitoni 4 kwa senti 14 iwe 386, uwiano wake unakuwa karibu kabisa na 5 kwa 4 na mngurumo unatulia. Ya semitoni 3 unaipandisha senti 16. Bila distoshoni wala usijisumbue, acha.

Ndani ya dilei

Ukiweka pitch shifter ndani ya fidibeki ya dilei, pale sauti inaporudishwa ndani ijirudie tena, kila mrudio unapanda tena. +12 inapanda oktavu kwa oktavu, ukiongeza riverbu kwenye mzunguko huohuo unapata ule mng'ao wa muziki wa ambient. +7 inakwenda C, G, D, A, E, B, tatu za kwanza nzuri, baada ya hapo inategemea wimbo. +5 inakwenda C, F, Bb, Eb, inatoka nje mapema. +3 na +4 zinazunguka na kurudi oktavu, 3 inatoa ule wasiwasi wa filamu ya kutisha na 4 inatoa ndoto ambayo haimaliziki, zote ni za kuweka mara moja kabla ya dropu (pale biti linaporudi kwa nguvu), sio wimbo mzima. Fidibeki asilimia 25 mpaka 40 inatosha, ndani ya mzunguko kata juu na kata chini, na punguza spika kabla hujaanza kuchezea maana ikizidi inalipuka bila onyo, hasa kama umevaa hedifoni.

Kuziweka kwenye miksi

Sauti ya pili na ya tatu zikae desibeli 6 mpaka 10 chini ya kuu, moja kushoto moja kulia, kuu katikati. Zicheleweshe kidogo, milisekunde 10 mpaka 25 kila moja namba yake, waimbaji wa kweli hawaanzi pamoja hivyo. Ongeza senti chache, moja +6 nyingine −8, zisiwe kioo cha mwenzake. Afu bonyeza mono, kushoto na kulia zichanganyike kuwa moja, usikilize, kama haamoni imepotea au kuu imekonda, badilisha ule ucheleweshaji kwanza kabla ya kitu kingine, nakala zenye pichi karibu sawa ndo hukatana zaidi, zile za +4 au +5 hazikatani hivyo.

Ukiridhika geuza kila traki iwe audio, maana hizi plagini zinakula kompyuta na nyingine zinachelewesha traki kila ukizifungua upya. Ila traki zenye plagini usizifute, zizime tu. Mwimbaji akisema wimbo uko juu sana kwake na ukashusha kii nzima semitoni mbili, namba zako za automesheni zitabaki zilezile, +3, +5, +4, hamna cha kuchora upya, ni zile plagini zinazofuata skeli tu ndo unabadilishia kii.